Mamako aliota jua lini mara ya mwisho?

Leo naanza kwa swali, na naomba usilijibu kwa haraka. Mzee uliye naye hapo nyumbani, awe ni mamako, babako, nyanya au babu, aliota jua lini mara ya mwisho? Sisemi jua la kupita mbio akishuka kwenye gari kuingia kanisani au msikitini. Nasema jua la kuketi na kutulia, mikono wazi, hadi ngozi ikapata joto. Ikiwa jibu halikuji upesi, basi makala ya leo ni yako.

Nina sababu ya kuuliza. Mamangu ana umri wa miaka 76. Baada ya baba kufariki alibaki peke yake huko Makueni, na alipoteleza akaumia nyonga, sisi watoto tulikaa kikao tukakata shauri aje Nairobi aishi kwangu. Tulijiona watoto wema. Nyumba yetu iko Umoja, orofa ya nne, na hakuna lifti. Wanaoujua mtaa huu wa tangu zamani watakumbuka ulivyokuwa wa nyumba za chini zenye nyua ndogo. Siku hizi orofa zimechipuka kama uyoga, hata dirisha letu la jikoni linatazama ukuta wa jirani ambao naweza kuugusa kwa mkono. Taa ya sebuleni huwaka saa sita mchana.

Humo ndimo tulimomweka mama. Kwa sababu ya ile nyonga tulimkataza kushuka ngazi. Alikula vizuri, akatazama televisheni, akalala. Wajukuu walikwenda shule, sisi tukaenda kazini, naye akabaki na yaya.

Haikupita miezi minane kabla ya kuanza kuona mambo. Alitia chumvi kwenye mboga mara mbili. Alimwita kijana wangu kwa jina la mjombake. Aliuliza leo ni siku gani, akajibiwa, na kabla chai haijapoa akauliza tena. Huyu, msomaji wangu, ni mwanamke aliyekuwa akiweka kichwani hesabu ya kikundi cha akina mama thelathini bila daftari: nani amelipa, nani anadaiwa, na tangu mwezi gani.

Kisha siku moja, yaya alipokuwa juu ya paa akianika nguo, mama alishuka ngazi akaenda zake. Tulimtafuta kwa saa tatu. Tulimpata kwenye kituo cha matatu, ameketi juu ya jiwe, na utingo mmoja mwungwana alikuwa amemnunulia maji. Nilipomuuliza alikuwa akienda wapi, alinitazama kana kwamba ni mimi niliyepotea.

"Naenda kuwafungulia mbuzi," alisema, "kabla jua halijawa kali."

Usiku huo sikupata usingizi.

Vichupa vitatu

Ukiwa na shida mjini, kila mtu ni daktari. Mmoja alituambia ni uzee tu, tuzoee. Mwingine akanong'ona habari za kurogwa. Mwenzangu kazini alikuja na jambo alilolisoma: kwamba ukosefu wa vitamini D huwafanya wazee wasahau, na kwamba tembe zake zinauzwa katika kila duka la dawa. Jioni hiyo hiyo dada yangu alifika na vichupa vitatu. Alitaka mama ameze tembe tatu tatu kila siku ili kufidia miezi iliyopotea.

Nilimwomba angoje kwanza. Tulimpeleka mama kwa daktari, akatolewa damu, na kweli vitamini D ilikuwa chini. "Si nilisema?" dada yangu akauliza. Lakini daktari hakushangilia. Alitueleza mambo ambayo nimeyafuatilia tangu siku hiyo, nami nataka tuyatazame pamoja, maana najua nyumba nyingi zina kichupa kama kile.

Vitamini D si kama nyingine. Vitamini C utaipata kwa kula chungwa, lakini D sehemu kubwa yake mwili hujitengenezea wenyewe. Ndani ya ngozi mna kitu cha jamii ya mafuta ambacho, kikipigwa na ile miale ya jua iitwayo urujuanimno, hugeuka kuwa vitamini hii. Damu huipeleka kwenye ini, halafu kwenye figo, na huko ndiko inakopata nguvu ya kufanya kazi. Kazi yake ya kujulikana ni ya mifupa: mtoto akiikosa hupata matege, na mtu mzima mifupa yake hulegea na kuuma. Jina lake ilipewa mwaka wa 1922 na mtaalamu wa Marekani, Elmer McCollum, alipokuwa akichunguza mafuta ya ini la samaki, yale yale ambayo wengi wetu tulinyweshwa utotoni huku tumezibwa pua.

Baadaye ilijulikana kwamba hata ubongo una vipokezi vya vitamini hii, na kwamba baadhi ya vipokezi hivyo viko katika sehemu ile inayohifadhi kumbukumbu mpya. Hapo ndipo watafiti walipoanza kuuliza maswali.

Mwaka wa 2014 yalitangazwa matokeo ya kuwafuatilia wazee 1,658 wa Marekani kwa zaidi ya miaka mitano. Walipoanza, hakuna aliyekuwa na demensia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fahamu kidogo kidogo. Mwishoni, 171 walikuwa nao. Wale ambao vitamini D yao ilikuwa chini kabisa walikuwa katika hatari iliyozidi maradufu ikilinganishwa na waliokuwa nayo ya kutosha. Mwaka wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walieleza walivyoupima ubongo wa watu 290 waliokuwa wamekubali, wangali hai, kwamba wakifa wachunguzwe. Wale ambao ubongo wao ulikuwa na vitamini D nyingi zaidi hawakuelekea sana kuwa wamepoteza kumbukumbu katika siku zao za mwisho.

Ukiishia hapo, msomaji wangu, utakimbilia duka la dawa kama dada yangu. Usiishie hapo.

Jogoo na mapambazuko

Jogoo akiwika, kunakucha. Je, ni jogoo aliyelileta jua?

Mzee anayeanza kusahau huacha kwenda shambani na sokoni. Hula kidogo. Watoto wake humfungia ndani wakihofu atapotea. Asipoona jua, vitamini D hushuka. Kwa hivyo mtu akikutwa na vitamini kidogo na kumbukumbu mbovu kwa pamoja, ni vigumu kusema ni kipi kilichotangulia. Njia nzuri ya kujua ni kuwagawanya watu makundi mawili, hawa wapewe tembe zenyewe na hawa tembe zisizo na kitu ndani, pasiwe na anayejua amepewa zipi, kisha kungoja.

Jambo hilo limefanywa. Huko Marekani wanawake 4,143 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa hivyo, kundi moja likapewa vitamini D pamoja na kalsiamu. Baada ya karibu miaka minane, makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa idadi ya waliopatwa na demensia au upungufu wa kumbukumbu. Uchunguzi mwingine mkubwa wa huko huko, uitwao VITAL, uliwapa watu yuniti 2,000 kila siku. Wazee zaidi ya 4,000 miongoni mwao walipimwa kumbukumbu kwa miaka miwili mitatu, na matokeo ya mwaka wa 2021 yakaonyesha kwamba kwa jumla tembe hazikupunguza kasi ya kusahau. Miongoni mwa wazee weusi ilionekana nafuu kidogo, lakini watafiti wenyewe wakasema jambo hilo lithibitishwe kwanza.

Kwa ufupi, vitamini D kidogo na usahaulifu hutembea pamoja. Lakini kumeza tembe peke yake hakujaonyeshwa kuwa kunarudisha kumbukumbu iliyokwisha kwenda.

Isitoshe, zaidi si bora. Tembe za vitamini C ukizidisha, nyingi hutoka na mkojo. Vitamini D hukaa mwilini. Ikizidi mno, kalsiamu hujaa kwenye damu, na dalili zake ni kiu, kichefuchefu, kufunga choo, madhara kwenye figo na, utashangaa, kuchanganyikiwa akili. Yaani dada yangu angeweza kumletea mama ugonjwa ule ule aliotaka kumponya. Mwaka wa 2010 ilitangazwa habari ya wanawake wazee 2,256 wa Australia ambao baadhi yao walipewa dozi moja kubwa ya yuniti 500,000 kila mwaka. Waliopewa walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wale wasiopewa. Na katika utafiti mdogo wa mwaka wa 2020 uliofanywa na Chuo Kikuu cha Rutgers kwa wanawake wanene waliokoma hedhi, waliomeza yuniti 2,000 walifanya vizuri katika mtihani wa kumbukumbu, lakini waliomeza 4,000 mikono yao ilikuwa mizito kuitikia. Mzee mzito wa kuitikia ndiye anayeanguka.

Kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 ni yuniti 800 kwa siku, na mtu mzima asipite 4,000 bila daktari. Tazama karatasi ya kichupa chako. Kama zimeandikwa yuniti 5,000 au 50,000 kwa tembe moja, usimpe mzee kwa kukisia. Na mama alipewa zake kwa kipimo cha daktari, moja kwa siku, wala si tatu tatu.

Penye miti hakuna wajenzi

Mimi nilidhani ukosefu wa vitamini D ni shida ya Wazungu wa kule kwenye theluji. Sisi ikweta inapita kwetu hapa Nanyuki, jua tunalo Januari hadi Desemba. Lakini wahenga hawakukosea waliposema penye miti hakuna wajenzi.

Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D vizuri, ila huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Hilo si dosari. Mwaka wa 2012 yalichapishwa matokeo ya kupima damu ya Wamaasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, watu wanaoshinda nje kama walivyoshinda babu zao. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, na wataalamu wengi huhesabu 50 kuwa ni ya kutosha. Ngozi ni ile ile ya mamangu. Tofauti ni kwamba wao hawakai Umoja orofa ya nne.

Ngozi ya mzee, ikiwa nyeupe au nyeusi, hutengeneza vitamini hii kwa uchache kuliko ya kijana, hata wakiketi juani kwa muda ule ule. Kioo cha dirisha nacho huizuia ile miale inayotakikana, kwa hivyo mzee anayeota jua nyuma ya dirisha lililofungwa hupata joto tu. Nguo nzito nazo huizuia. Na jua la saa moja asubuhi, tunalolisifu sana, ni dhaifu kwa kazi hii. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, hapo miale ipo. Kwetu hiyo ni kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Haina maana umweke mzee juani saa nzima. Muda mfupi wa mara kwa mara, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwa kikiwa na kofia au leso na maji yakiwa karibu, unatosha wengi. Wenye ualbino wasijaribu hili, jua kwao ni hatari ya saratani ya ngozi.

Chakula husaidia kidogo: samaki wenye mafuta kama sadini wa mkebe, maini na kiini cha yai. Lakini ni vigumu kuijaza pengo lote kwa sahani.

Na ukiona mzee anasahau, usidhani umeshajua sababu. Daktari wa mama hakuishia kwenye vitamini D. Alipima shinikizo la damu, sukari, vitamini B12 na tezi la shingoni. Aliomba kuona dawa zote anazomeza, kwa kuwa baadhi ya dawa za usingizi na za mzio huvuruga kumbukumbu. Alimuuliza habari za huzuni tangu kufiwa na mumewe, jambo ambalo sisi wanawe hatukuwahi kumuuliza. Kisha alimchungulia masikioni. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Na sikio la kushoto lilikuwa limeziba nta kabisa! Mara nyingine tulipodhani amesahau tulilomwambia, kumbe hakulisikia.

Mwaka wa 2024 tume ya jarida la Lancet la Uingereza ilitaja mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya visa vya demensia duniani. Vitamini D haimo katika orodha hiyo. Yaliyomo ni kama shinikizo la damu, kisukari, kutosikia, kutoona vizuri, kuketi bila kutembea, huzuni, na upweke. Nilipoisoma orodha hiyo nilijiona nimesimama mahakamani. Tembea hakutembea, sikio hatukulipima, na upweke tulimletea sisi wenyewe kwa mapenzi yetu.

Jambo moja usilingoje Jumatatu: mzee akichanganyikiwa kwa ghafla, kwa saa au siku chache, au baada ya kuanguka na kugonga kichwa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi, maambukizi au damu inayovuja ndani ya fuvu.

Kiti cha mama mboga

Basi tulifanya nini? Mama watoto alisema, "Kila siku saa nne tumshushe tukamwanike." Mama alisikia, maana sikio lilikuwa limeoshwa. "Mimi nimekuwa mahindi?" akauliza. Tulicheka wote, kicheko cha kwanza kwa miezi.

Kijana wangu alikuwa likizoni. Alimshusha nyanyake ngazi moja moja, wakipumzika kila orofa, akamketisha kwenye kiti cha plastiki kando ya kibanda cha mama mboga. Siku ya kwanza alikaa nusu saa bila kusema neno. Siku ya tatu aliomba apewe njegere amenye. Juma la pili alimwambia mama mboga kwamba sukuma wiki yake ya jana ilikuwa na mafungu makubwa kuliko ya leo.

Ule ulikuwa ni ukweli, na aliyeukumbuka ni mama.

Sikudanganyi kwamba amepona. Bado anauliza siku ya juma. Bado mlango una kengele ndogo, na ndani ya leso yake kuna karatasi yenye nambari zetu za simu. Daktari humwona kila baada ya miezi mitatu. Lakini chumvi ni mara moja, wajukuu wana majina yao, na wateja wa mama mboga anawajua kwa madeni yao. Ukiniuliza kilichomsaidia ni tembe, au jua, au ngazi, au dawa ya shinikizo, au sikio, au mama mboga, nitakujibu kwamba vyote vilirudi pamoja, kama vile vyote vilivyopotea pamoja siku tuliyomfungia ndani.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu ukiwa umelala kochini, usidhani sikukuona. Likizo hii mshushe nyanya yako. Mwulize habari za zamani mkiwa nje. Hayo hayahitaji ada wala karatasi ya daktari. Na wewe mwenye kichupa, kisome, umwulize daktari au mwuza dawa aliyesomea, kisha ufungue mlango. Tembe yaweza kujaza pengo la vitamini. Pengo la kukosa watu na kukosa njia ya kutembea haliwezi.

Leo ni Jumapili na jua limetoka. Ukimaliza kusoma, gazeti hili unaweza kumpa mzee alitandike kitini.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.